Celica GT-Four ya 1991: spea za AC nazipata wapi, na nianzie wapi?

Ngamiani12 (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho. Nimeandika kwa kirefu makusudi, ili anayejua asilazimike kuniuliza mara mbili mbili.

Nina Toyota Celica GT-Four, bodi ST185, ya 1991, injini 3S-GTE ya turbo. Aliliagiza marehemu mzee wangu kutoka Japani mwaka 2006. Mzee alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, na enzi zile za Safari Rally alikuwa habanduki redioni mpaka asikie nani anaongoza. 1992 Carlos Sainz alishinda Safari na Celica ya bodi hii hii. 1993 akashinda Juha Kankkunen, Toyota zikabeba nafasi zote nne za juu. 1994 akashinda Ian Duncan wa Kenya, na siku hiyo mzee aliwanunulia soda watoto wote wa kambini. Kwa hiyo alipolipwa mafao yake, wenzake walinunua viwanja, yeye akaagiza Celica. Alifariki 2021. Gari limebaki kwangu na mama, na ndilo gari pekee tulilonalo.

Sasa shida. Mama katolewa mtoto wa jicho Dar mwezi uliopita, jicho la kulia. La kushoto linafuata baada ya wiki nane. Daktari amesisitiza jicho lisipigwe na vumbi wala upepo. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, na siku ya kurudi tulifunga vioo njia nzima, jua la mwezi wa pili, AC haifanyi kazi. Tulipofika Mkata nikageuka kumtazama. Amefumba macho, kile kitambaa nilichomlowanishia Chalinze kimeshakauka, na hajasema neno. Mama yangu si mtu wa kulalamika. Nilisimamisha gari chini ya mwembe tukakaa pale karibu saa nzima. Safari ya pili siwezi kumpeleka hivyo.

Historia ya ugonjwa wenyewe:

Mwaka jana nilijaza gesi mara tatu kwenye gereji moja. Kila mara inapooza vizuri, wiki tatu zikipita hewa inatoka ya moto. Mara ya tatu wakanitilia na dawa ya kuziba mivujo. Hata hiyo haikusaidia.

Sasa hivi nikibonyeza swichi, taa ya kijani inawaka, nasikia klachi ya kompresa (pampu ya gesi ya AC) inashika "tak", halafu sekunde chache inaachia, na taa inaanza kuwaka-zima, kuwaka-zima, haiachi mpaka nizime.

Nimelala chini ya gari na tochi. Kompresa imebanana kule chini mbele ya injini, si mbali na joto la turbo. Nyuma ya puli, kwenye shingo ya kompresa, kuna vumbi limegandamana na mafuta. Nilipitisha kidole kikatoka na utepe mweusi mnato. Kondensa, ile rejeta ya AC ya mbele, nayo mapezi yake yameliwa na chumvi, ukiyagusa yanapukutika kama majivu.

Chini ya boneti kuna kibandiko kinasema R12, gesi ya AC ya zamani. Lakini kwenye vali za kujazia gesi kuna adapta za R134a, gesi iliyokuja baada yake, zimefungwa juu ya nyuzi za zamani, na sijui nani alizifunga wala lini.

Kisha nikafanya kosa lililoniuma. Duka moja la spea Dar liliniuzia kompresa ya mtumba kwa laki tatu na nusu, wakaniapia kwamba ni ya Celica. Kufika Tanga, tundu za bolti hazikai, na mifereji ya puli hailingani na mkanda wangu. Wamekataa kurudisha hela.

Naomba kujua: kompresa ya ST185 naipata wapi? Kuna Toyota nyingine inayoingiliana nayo? Kondensa na hosi nifanyeje? Na kama kuna fundi mwenye moyo wa kazi hii, Tanga au Dar, naomba nielekezwe. Natanguliza shukrani.

FundiBaridi (Dar es Salaam)

Mkuu, pole na hongera. Pole kwa mama, hongera kwa kueleza ugonjwa kama unavyotakiwa kuelezwa. Nina miaka ishirini na mbili kwenye AC za magari, na watu wengi wanakuja na sentensi moja tu: "haipoozi".

Kwanza simama. Usinunue kompresa yoyote. Kwa maelezo yako, kompresa ya mzee inawezekana ni nzima.

Taa kuwaka-zima ni lugha. Toyota nyingi za miaka hiyo zina kisensa kidogo kwenye kompresa kinachohesabu mizunguko yake. Kontroli ya AC inalinganisha mizunguko ya kompresa na ya injini. Ikiona kompresa inabaki nyuma, inadhani imekwama, basi inakata klachi kuuokoa mkanda, na inakujulisha kwa kuwasha na kuzima taa. Kompresa kubaki nyuma kuna sababu nne: imekwama kweli, mkanda umelegea, klachi inateleza, au kisensa chenyewe na waya wake vimekufa. Gesi ikiisha tu taa haifanyi hivyo. Swichi ya presha inaikatalia klachi isishike kabisa.

Yako inashika kwanza ndipo inaachia, na umesema shingo ya kompresa imelowa mafuta. Mimi nasoma hivi: oili sili ya shafti (mpira unaozuia oili na gesi visitoke) imechoka, inavujisha gesi pamoja na oili, ile oili inarushwa kwenye uso wa klachi, klachi inateleza. Ugonjwa mmoja unazaa wa pili. Ndiyo maana gesi inakaa wiki tatu. Hakuna dawa ya kuziba itakayoziba shafti inayozunguka.

Jipime mwenyewe kesho asubuhi, gari limezimwa:

Zungusha kwa mkono ile sahani ya mbele ya klachi (siyo puli, sahani). Ikizunguka laini, na unasikia inakusukuma kidogo kama inapumua, ndani kuzima. Ikikwaruza au ikigoma, hapo tutaongea mengine.

Pima nafasi kati ya sahani na puli kwa filagegi, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Inatakiwa karibu nusu milimita. Ikifika milimita moja, sumaku inavuta kwa shida, hasa injini ikiwa ya moto. Ndani ya kitovu kuna washa nyembamba, ukipunguza moja nafasi inarudi.

Pima koili ya klachi kwa mita. Ukisoma kati ya ohmu 3 na 4, koili iko sawa.

Kuhusu zile adapta. Gari la 1991 lilitoka na R12, na R12 hutumia oili ya madini. Aliyekubadilishia kwenda R134a kama alifunga adapta tu akajaza, basi amekuachia oili isiyochanganyika na gesi mpya. R134a haiibebi oili ya madini, inaiacha imelala kwenye evaporeta (ile rejeta ndogo inayopooza hewa) na kompresa inabaki kavu. Ubadilishaji wa kweli ni kumwaga oili ya zamani, kusafisha paipu, kuweka oili ya esta au PAG, kubadilisha draya (kichungi kinachonyonya unyevu) na oringi zote, vile vipete vya mpira vya kwenye maungio. Zile oringi nyeusi za zamani hazikutengenezwa kwa R134a. Tafuta za kijani. Na usimsikilize atakayekwambia urudi R12. Ilipigwa marufuku kwa sababu ya tabaka la ozoni, kuanzia Mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi zetu zilitakiwa ziwe zimeiacha kufikia 2010. Chupa ya R12 unayouziwa leo mtaani hujui ndani yake kuna nini.

Jambo la mwisho nalisema kwa uchungu. Wapo wanaojaza gesi ya kupikia kwenye AC ya gari kwa sababu inapooza na ni rahisi. Evaporeta iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya mama yako. Ikivuja, inavujia ndani ya gari. Kabla hujaruhusu mtu afungue koki, muulize kwa sauti: hii ni gesi gani? Akuoneshe chupa.

Ngamiani12

Fundi, Mungu akubariki. Nimefanya kama ulivyosema, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawaka.

Sahani inazunguka laini, na kweli inapumua. Nimeizungusha mara ishirini na sikio nimeliweka karibu, hakuna mkwaruzo. Filagegi: ya 0.9 inaingia bila kulazimisha. Koili inasoma 3.6. Mkanda umekaza. Na uso wa klachi nilipoupangusa kwa kitambaa cheupe, kitambaa kimetoka na mafuta.

Nilikaa pale chini muda kidogo. Mzee aliniambia mara nyingi kwamba kompresa haijawahi kufunguliwa tangu gari lishuke bandarini, na mimi nilikuwa tayari kuitupa kwa maneno ya muuza duka.

KisauniGT (Mombasa)

Salamu kutoka pwani ya huku. Ndugu yangu, mpe mama pole, na umwambie tunamuombea jicho la pili lipone kama la kwanza.

Mimi nilikuwa na Celica ya ST182, injini ya 3S-GE bila turbo, nikahangaika nayo AC miaka miwili. Huku kwetu sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hivyo Celica za rika hilo ni zile zile zilizoingia zamani. Zikifa zinakatwa, na spea zake zinaisha moja moja. Nimeenda Kirinyaga Road Nairobi nikazunguka siku nzima. Spea za AC za Corolla na Hiace ziko tele, ukitaja GT-Four mtu anakuangalia tu. Usikate tamaa lakini. Nilichojifunza ni kwamba ukisema "nataka AC ya Celica" hupati, ila ukivunjavunja ile AC ukaomba kitu kimoja kimoja, vingi viko rafuni. Draya yangu haikuwa ya Celica. Kondensa haikuwa ya gari lolote: nilipima kimo na upana wa nafasi iliyoko mbele ya rejeta, nikanunua ile ya saizi ya kawaida ya mapito sambamba, nikatengeneza vibati vya kuishikilia. Na ile ya mapito sambamba inafaa R134a kuliko ya zamani ya bomba moja lililopindapinda, inatoa joto vizuri zaidi.

Sasa nikupe siri ya bandari. Makontena ya baridi yanayobeba samaki na maparachichi, mengi yanatumia R134a, gesi hiyo hiyo yako. Wale mafundi wanaoyahudumia wana pampu nzuri za vakyumu (za kunyonya hewa yote kwenye mfumo), wana mitungi ya naitrojeni, wana mizani ya kupima gesi kwa gramu. Tanga ni mji wa bandari. Uliza pale getini fundi wa makontena ya baridi ni nani, utampata jioni akishatoka kazini. Mimi aliyenitoa shida ni kijana wa namna hiyo, hakuwahi kugusa Celica maishani mwake, lakini alijua kutafuta mvujo. Alitia naitrojeni, akapaka povu la sabuni kila maungio, tukakaa tukitazama. Povu likachipuka mahali ambapo hakuna makanika aliyewahi kuangalia, kwenye paipu iliyokuwa ikisuguana na kibati cha betri.

Na akileta mtungi, hakikisha ni naitrojeni. Kuna wanaotumia oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni ya presha ikikutana na oili ni mlipuko.

Hosi usizitupe. Vile vichwa vyake vya alumini ndivyo dhahabu, maana vimepindwa kwa umbo la gari lako. Mpira wa katikati unabadilishwa na watu wa hosi za haidroliki, wanakata na kubana upya. Wape tu mpira wa AC wenyewe, ule wenye utando ndani wa kuzuia gesi. Hosi ya tipa itavujisha gesi kupitia mwilini mwake.

Mzenj_Muskati (Muscat)

Assalaam alaykum jamani. Nimewasoma nyote, na nimefurahi kuona mtu anasaidiwa bila kuuziwa kitu.

Mwanangu wa Tanga, mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, niko Muscat tangu 1989. Huku joto la mwezi wa saba linaweza kupita digrii 45, AC si anasa, ni kama maji. Nimekuwa na gari za Kijapani za zamani siku zote, na kila nikikosa kitu huenda Sharjah, Imarati, kule kwenye maeneo ya viwanda, ambako maduka ya spea za mtumba yamepangana mtaa baada ya mtaa. Zinakuja nusu gari kutoka Japani, zimekatwa nyuma ya milango, injini na AC na dashibodi vyote vimo. Kwa hivyo nikuambie namna ya kununua, maana ulivyonunua wewe ndivyo wanavyonunua wengi, na ndipo wanapoliwa.

Usinunue kwa jina la gari. Celica ni jina, ndani yake mna bodi nyingi na injini nyingi, na kila injini ina kompresa yake na kishikio chake. Nunua kwa namba. Kompresa yako ikiwa ya Denso, ubavuni ina sahani ndogo yenye namba inayoanza na 447. Ipanguse taratibu kwa mafuta ya taa, usiikwangue, wino wake hufutika. Ipige picha. Hiyo ndiyo namba ya kumpa muuzaji, na muuzaji akupigie picha ya sahani ya kwake kabla hujatoa hata senti.

Namba za Toyota nazo zina utaratibu, tarakimu tano za mwanzo husema kitu chenyewe. Kompresa ni 88320. Kondensa 88460. Draya 88471. Evaporeta 88501. Ekspansheni valvu, ile inayopunguza presha ya gesi kabla haijaingia evaporeta, 88515. Zinazofuata baada ya kistari ndizo husema ni ya gari gani. Ukizijua hizo tano, hata muuzaji wa Japani asiyejua Kiingereza wala Kiswahili mtaelewana. Nimeshanunua hivyo kwenye minada ya mtandaoni ya Japani kupitia mawakala, namba tupu, hakuna neno tulilosemezana.

Na kompresa ya mtumba, tazama midomo yake. Iliyotolewa na mtu mwenye adabu ya kazi imezibwa kwa vizibo au hata tepu. Iliyokaa wazi uwanjani miezi, imekunywa unyevu na mchanga, hiyo iache hata akupe bure.

Lakini namuunga mkono fundi wa Dar. Ukiweza kuitengeneza ya baba yako, itengeneze. Oili sili yake kwa namba ya 447 inapatikana, ni kitu kidogo kinachoingia kwenye bahasha. Nina mpwa wangu anakuja Dar mwisho wa mwezi. Nitumie picha ya sahani, nitaulizia Ruwi, hapa hapa Muscat, kesho kutwa inshallah.

Ngamiani12

Shikamoo mzee wangu. Picha nimekutumia. Ilinichukua nusu saa kuisoma, nililowanisha pamba na mafuta ya taa nikawa naibonyeza tu bila kusugua, mpaka tarakimu zikaanza kutokea moja moja. Ni Denso kweli, na 447 ipo.

Ya lile duka nayo nimeisoma. Namba tofauti kabisa. Ningejua kuuliza jambo hilo moja, laki tatu na nusu ingekuwa ya tiketi na dawa za mama.

FundiBaridi

Nimeona picha uliyomtumia mzee, asante kwa kunijumuisha. Ukishapata sili, iteremshe kompresa uilete Dar kwa basi, nitaifungua mbele yako. Ila kabla hujaiteremsha, mpate huyo fundi wa makontena ainyonye gesi iliyobaki kwa mashine. Usifungue nati ukaiachia hewani.

Nikiifungua, cha kwanza nitaangalia rangi ya oili. Ikitoka nyeusi ina chembe zinazong'aa kama unga wa bati, alumini ya ndani imeanza kusagika, na hapo kompresa, kondensa, draya na valvu vyote vinaondoka. Hakuna njia ya mkato. Ikitoka chafu lakini haina chembe, tunaendelea. Omba Mungu.

Na ile dawa ya kuziba uliyowekewa inanitia wasiwasi kuliko kitu chochote. Ikikutana na unyevu inaganda. Draya na ekspansheni valvu ziweke kwenye hesabu kabisa, usiseme utaangalia kwanza.

Ngamiani12

Wakuu, narudi baada ya wiki sita na nusu. Nisingerudi ingekuwa dhambi.

Sili ilifika na mpwa wa mzee wa Muscat, ikiwa kwenye bahasha ya dawa. Mzee hakutaka hela yake. Niliteremsha kompresa nikaenda nayo Dar kwa basi la saa kumi na mbili, nimeipakata kwenye gunia njia nzima.

Fundi aliweka beseni jeupe la plastiki chini, akaigeuza kompresa mdomo chini. Hakuna aliyesema kitu. Oili ilitoka taratibu, rangi ya chai ya rangi iliyolala, ikatandaa kwenye beseni. Akachukua tochi, akaliinamisha beseni huku na huku. Akaingiza kidole, akakisugua na kidole gumba, akaniambia nifanye na mimi. Laini. Hakuna chembe. Alinishika bega tu akaanza kazi.

Oili sili ya zamani ilikuwa ngumu kama pembe, ukingo wake umepasuka mahali pamoja, ufa hauzidi urefu wa punje ya mchele. Hapo ndipo gesi yote ya mwaka jana ilipopitia. Beringi ya puli alibadilisha kwa sababu ilikuwa inavuma, ya saizi ya kawaida, imepatikana mtaa wa Gerezani, Dar, siku hiyo hiyo. Klachi aliisafisha, akatoa washa moja, nafasi ikarudi nusu milimita. Draya tuliipasua kwa msumeno kwa kutaka kujua, na alichosema kuhusu dawa ya kuziba nimekiona kwa macho: utando wa njano umenata ndani kama ulimbo. Valvu nayo ilikuwa imeziba nusu.

Kondensa nilifanya kama alivyosema ndugu wa Kisauni, nimepima, nimenunua ya mapito sambamba, nimetengeneza vibati. Sikukata wala kutoboa bodi ya gari. Vibati vimekaa kwenye tundu zile zile za kiwandani. Hosi zimebanwa upya na vichwa vyake vya asili.

Fundi wa makontena nilimpata kwa kuuliza getini, kama nilivyoelekezwa. Alikuja jioni tatu. Ya kwanza kunyonya gesi, ya pili naitrojeni na sabuni. Oringi moja ya paipu ya juu ilitoa povu, ilikaa upande, tukaibadilisha. Aliiacha na presha usiku kucha, asubuhi sindano iko pale pale. Ya tatu akavuta vakyumu dakika 45, akasubiri nusu saa aone kama itarudi. Haikurudi. Akajaza R134a kwa mzani, akasimama kwenye asilimia 80 ya kiwango cha R12 kilichoandikwa kwenye kibandiko, akabandika pembeni kibandiko kipya: gesi gani, gramu ngapi, oili gani, tarehe. Nimependa sana hicho kibandiko. Atakayefungua boneti hii miaka kumi ijayo hatakisia kama nilivyokisia mimi.

Saa saba mchana, nje digrii 33, kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi kilisoma 9. Taa ya kijani imetulia, haikonyezi.

Jumatatu tulienda Dar. Vioo juu. Tulipopita Hale mama alivuta khanga akajifunika mabega, mimi nikanyoosha mkono nipunguze, akasema acha. Alilala kutoka Segera mpaka tumevuka Wami. Jicho la kushoto limefanyiwa Jumanne, bandeji imetoka jana, anaona.

Ile kompresa isiyolingana bado ninayo, imezibwa midomo yote miwili kwa vizibo na tepu. Picha ya sahani yake nimeiweka hapa chini. Mwenye Toyota ambayo namba yake inalingana aniandikie, aje aichukue Ngamiani, hapa Tanga, au nitaitia kwenye basi. Simuuzii.